Breki na Mlio wa Difu Baada ya Kubadilisha Ekseli



Ekseli ya Land Rover ya chama ikivunjika katika njia za Kibosho, Marangu au Rombo, fundi hufunga nyingine iliyotoka katika gari kuukuu. Gari hutembea, lakini kutembea si ushahidi kwamba litasimama likishusha kahawa Moshi.

Kwanza ni breki. Bomba likifunguliwa, hewa huingia na pedeli hulegea. Hewa itolewe, kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Ikumbukwe pia kwamba breki ya mkono ya gari hilo hushika nyuma ya gia boksi, si magurudumuni. Shafti ya ekseli ikikatika, haizuii gari mlimani. Gogo la kuzuia gurudumu lisikosekane.

Pili ni mlio. Difu za Land Rover za zamani zina uwiano wa 4.7, za Range Rover, 3.54. Zikichanganywa mbele na nyuma, gia ya magurudumu manne huzikaza hadi zivunjike. Kupima ni rahisi: gari lizuiwe kwa magogo, gia iwe huru, breki ya mkono ilegezwe, gurudumu moja liinuliwe, lizungushwe mara 2, na mizunguko ya propela ihesabiwe. Uwiano ukilingana na mvumo ukabaki, oili, beringi na meno ya difu vichunguzwe.

Katibu asiidhinishe malipo ya fundi kabla gari halijajaribiwa likiwa tupu, tambarare kwanza, kisha mteremko mfupi. Ekseli hununuliwa, roho ya dereva na utingo haina spea.