Hotuba juu ya Bima ya Dawa kwa Wazee Wetu Walioko Marekani



Halmashauri imetutaka tuseme nanyi juu ya jambo ambalo baba zetu hawakuwa na haja ya kulijua. Zamani mzee alipougua, watoto wake walikuwa mwendo wa saa moja kutoka kwake. Siku hizi wako Minnesota, wako Texas, wako Massachusetts, na baadhi yao wamewachukua wazazi wao wakakae nao. Twafurahi kwa ajili yao. Lakini mzee husafiri na maradhi yake, na dawa kule ni ghali mno, hata sisi tunaonung'unika madukani hapa hatuwezi kukisia.

Serikali ya Marekani ina bima ya watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi, iitwayo Medicare. Sheria yake ilitiwa sahihi mwaka 1965. Kwa takriban miaka arobaini bima hiyo haikulipia dawa nyingi ambazo mtu huzitumia nyumbani kwake. Sheria ya mwaka 2003 ndiyo iliyoongeza fungu la dawa, liitwalo Sehemu D, nalo likaanza kazi tarehe 1 Januari 2006. Fungu hili huendeshwa na makampuni yaliyokubaliwa na serikali, na kila kampuni ina ada yake na orodha yake ya dawa. Mzee aliyetoka kwetu, ambaye hakupata kufanya kazi kule, aweza kuingia Medicare kwa kulipa ada, akiwa na kibali cha ukaaji wa kudumu na akiisha kukaa kule miaka 5 mfululizo.

Hapa kwetu, tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii ishike kazi ya bima mwezi wa Oktoba 2024, mtu hujiandikisha siku atakayo. Basi wazee wetu hudhani kwamba kule nako mlango u wazi sikuzote. Sivyo.

Mlango wa kwanza hufunguliwa kwa miezi 7: miezi 3 kabla ya mwezi ambao mtu anatimiza masharti, mwezi wenyewe, na miezi 3 baadaye. Kwa mzaliwa wa kule ni mwezi wa kutimiza miaka 65. Kwa mzee wetu aliyekwenda akiwa na umri huo tayari, ni mwezi wa kutimiza ile miaka 5. Mlango ukiisha kufungwa, hufunguliwa tena mara moja kwa mwaka, tangu tarehe 15 Oktoba hata tarehe 7 Desemba, na bima huanza tarehe 1 Januari inayofuata.

Yuko mzee mmoja wa Chama chetu, jina lake hatulitaji, aliyemfuata mwanawe mwaka 2017. Miaka 5 ilitimia Juni 2022. Akajiandikisha kwa bima ya madaktari, lakini ya dawa akaikataa. Alisema hajawahi kumeza hata kidonge, na kwa nini alipie ugonjwa asiokuwa nao? Ni neno la mtu mwenye akili, na wengi wetu tungalisema vivyo hivyo. Mlango wake ukafungwa mwisho wa Septemba 2022. Februari 2025 akaonekana ana kisukari na shinikizo la damu. Mwanawe akakimbia kumwandikisha, akaambiwa angoje Oktoba. Kwa hiyo tangu Februari hata Desemba dawa zote zilinunuliwa kwa fedha taslimu, na kodi ya vyumba vyake vya hapa mjini, iliyokuwa ikimsomesha mjukuu, ikapelekwa Marekani. Mjukuu alikaa nyumbani muhula mzima.

Wala mambo hayakuishia hapo. Mtu akikaa siku 63 au zaidi mfululizo bila bima ya dawa iliyo sawa na hiyo, baada ya mlango wake wa kwanza kufungwa, hutozwa nyongeza ya asilimia 1 ya ada ya msingi ya nchi nzima kwa kila mwezi aliokosa. Mzee wetu alikosa miezi 39. Ada ya msingi ya mwaka 2026 ni dola 38.99, basi nyongeza yake ni dola 15.20 kila mwezi, juu ya ada ya kampuni. Nayo hukadiriwa upya kila mwaka, na aghalabu humfuata mtu maisha yake yote.

Upo msaada wa serikali kwa wazee wenye mapato na mali kidogo, na maombi yake hupelekwa katika ofisi ya Hifadhi ya Jamii ya kule. Aupataye hatozwi nyongeza hiyo, na aweza kujiunga na bima ya dawa peke yake mwezi wowote. Mzee wetu hakuupata, kwa sababu ya vile vyumba vya kupangisha. Mali iliyoko huku huhesabiwa pia. Lakini asiye na kitu ila shamba analoishi mkewe asikate tamaa kabla ya kuuliza.

Milango mingine hufunguliwa kwa sababu maalumu. Mzee akihama jimbo akatoka katika eneo la kampuni yake, au akipoteza bima nzuri aliyoipata kwa kazi ya mwenzi wake, hupewa miezi miwili kamili. Vivyo hivyo aliyerudi kukaa Kenya, kisha akaenda tena kukaa Marekani. Akiwa huku, bima ile haimnunulii dawa Nairobi wala Kisumu. Tumeulizwa hivyo mara nyingi.

Hata aliyekwisha kujiunga asilale. Kila Septemba kampuni humwandikia barua kueleza mabadiliko ya mwaka ujao, na dawa iliyokuwamo katika orodha yaweza kutolewa. Barua hizo ni ndefu na za kuchosha, nazo hutupwa. Zisomwe, dawa zote zitazamwe moja moja, na kampuni ibadilishwe kabla ya tarehe 7 Desemba ikiwa haifai. Jambo moja limekuwa jema: mwaka 2026 mtu akiisha kutoa dola 2,100 za mfukoni mwake kwa dawa zilizomo katika orodha, halipi tena hata mwaka uishe. Na insulini iliyomo katika orodha haizidi dola 35 kwa mwezi.

Halmashauri yaomba kila mwanachama aliye na mzazi au ndugu mzee kule amletee Katibu mwezi na mwaka aliopata kibali cha ukaaji wa kudumu. Katibu atahesabu miaka 5 na kumwandikia mtoto wake mapema. Yule mjukuu amerudi shuleni mwezi wa Januari.