Pori si la mwenye bunduki peke yake

Ndugu vijana wa Kasongo na Kabambare!

Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inakataza kuwinda na silaha za vita. Iko wazi. Lakini kwenye bariyeri, kijana mwenye mutego anaulizwa permi. Nyama iliyopigwa na AK inapita tu.

Hatukatai askari wajizoeze. Tunaomba mipaka ya pahali wanapolenga ionekane, siku za risasi zitangazwe mbele kwa radio na kwa machefu, na siku zingine njia ya mashamba ibaki wazi. Mama anayeokota kuni si muasi!

Barua kwa administrata wa teritware tunaiandika leo jioni. Mwenye Kifaransa kizuri aje, wakubwa wanapenda mihuri na maneno marefu.