Baada ya Ardhi Kutulia: Fukushima Inavyotuhusu Sisi wa Kalemie



Jumatatu tarehe 5 Desemba 2005, saa 8:19 mchana, ardhi ilitikisika hapa Kalemie. Tetemeko lilianzia chini ya ziwa letu la Tanganyika, ukubwa wake 6.8. Nyumba zilianguka Kalemie, watu walikufa, na mtikisiko ulisikika mpaka Nairobi, ambako watu walikimbia kutoka maghorofani. Usiku ule mama yangu alikataa kulala ndani. Alikuwa na swali moja tu: litarudi? Hakuna aliyekuja kumjibu.

Swali lile ndilo lililonileta kwenye habari ya Fukushima, ingawa Kalemie haina kinu cha nyuklia.

Japani ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 9.0 tarehe 11 Machi 2011. Vinu vilivyokuwa vikifanya kazi katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Fukushima Daiichi vilijizima vyenyewe, kama vilivyotengenezwa kufanya. Lakini urani iliyomo ndani ya kinu haipoi mara moja. Huendelea kutoa joto kwa siku nyingi, na lazima maji yazungushwe kuipoza. Nyaya za umeme kutoka nje zilikatika. Jenereta za dizeli zikawaka. Muda usiotimia saa moja baadaye, wimbi la bahari la mita zipatazo 14 liliruka ukuta na kuzizamisha, maana nyingi ziliwekwa vyumba vya chini. Pampu zikasimama, na viini vya vinu vitatu vikayeyuka. Naomba tulikazie macho jambo hilo: maafa makubwa hivyo yaliletwa na kukosa umeme wa kuendesha pampu.

Sasa tujitazame. Umeme wetu hutoka Bendera, kwenye maporomoko ya mto Kiymbi, kwa njia ndefu ya nyaya kupita milimani. Na mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia majumbani mwa watu. Jenereta iliyowekwa bondeni karibu na ziwa iko katika hatari ileile.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Watu wa mji wa Namie, jirani na kituo, walikimbilia Tsushima, sehemu ya milimani upande wa kaskazini-magharibi, wakidhani wamesalimika. Upepo ukapeleka mionzi hukohuko. Serikali ilikuwa na hesabu za kompyuta zilizoonyesha njia ya upepo, lakini wananchi hawakuambiwa. Akina mama walipikia watoto nje, na watoto wakacheza nje. Kwa macho yangu, kunyamaza kule ni kosa zito kuliko jenereta kuwekwa chini, kwa sababu kunena kusingegharimu chochote.

Tena, siku zile hakuna aliyekufa papo hapo kwa mionzi. Lakini walikufa makumi ya wagonjwa na wazee wa hospitali iitwayo Futaba na nyumba yake ya wazee, waliohamishwa kwa haraka, wengine wakikaa saa nyingi ndani ya basi bila dawa wala muuguzi. Kukimbia bila mpango kuliwaua watu ambao mionzi haikuwaua.

Mtu aweza kusema nyuklia ni ya wageni. Lakini urani ya Shinkolobwe, huku kwetu Katanga, ilitumika katika mabomu ya atomiki ya 1945, na kinu cha kwanza cha Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959. Uganda na Kenya zina mipango ya kujenga vituo vya umeme wa nyuklia, na nchi hizo mbili zimepitiwa na bonde la ufa kama sisi. Kwa hiyo tusingoje kinu kijengwe ndipo tujifunze.

Napendekeza mchana huu tuanze na hospitali zetu. Jenereta iko juu au chini? Mafuta yake yanatosha siku ngapi? Nani ana ruhusa ya kusema wagonjwa wasihamishwe? Na tetemeko likipiga usiku, mtandao wa simu ukikatika, ni nani atakayezungumza redioni kwa Kiswahili, ndani ya saa ya kwanza, kumjibu mama aliyekaa nje na mkeka wake?