Mashine ya Kupimia Madini ni ya Nani?

Baba na mama mnaotusikiliza Kisenge, Dilolo na Kolwezi, leo tuna neno moja tu: mwenye mashine ya kupimia ndiye mwenye faida katika kipimo.

Tuanzie juu, kwa wanunuzi wakubwa. Viwanda vya betri za simu na magari, ambavyo maslahi yao ni kununua rahisi na kuuza ghali, vimetafuta kila hila ya kupunguza kobalti, hata magari mengi ya China sasa hutumia betri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti. Bei ilipoporomoka, serikali yetu ya Kongo ilisimamisha kuuza kobalti nje mnamo Februari 2025, kisha Oktoba ikaweka mgao wa mauzo. Sisi wa Kisenge si wageni wa mambo haya ya madini kukwama kwa sababu za mbali, maana manganizi yetu ilikwama mwaka 1975, vita vya Angola vilipoikata reli ya Benguela, ilhali ubora wake haukupungua hata kidogo.

Tamaa hiyo ya kununua rahisi hushuka ngazi kwa ngazi mpaka depo mnapouzia madini. Mnunuzi huelekeza kimashine chake, mfano wa bastola, juu ya gunia, husoma asilimia ya madini, nayo ikisomwa ndogo kuliko ilivyo, tofauti ni yake. Sisemi kila mnunuzi ni dhalimu. Nasema hana sababu ya kukosea kwa faida yako.

Basi, mwenye mashine ndiye mwenye faida. Kabla ya kuuza, pelekeni sampuli depo mbili. Simameni karibu na mizani. Someni kioo wenyewe. Daini karatasi yenye uzito na asilimia. Nanyi wa kooperative, changeni mnunue mashine yenu.