Maji ya Mtakatifu Mina

Juma hili nawaomba tuziache kidogo habari za bei ya unga na foleni za magari, twende Misri. La, si kwenye piramidi. Piramidi zina wasemaji wao wengi. Nataka kuwapeleka mahali panapoitwa Abu Mena, kiasi cha kilomita 45 kusini-magharibi ya Iskandaria, ambako mwezi uliopita nilipoteza nusu siku nzima na sijutii hata dakika moja.

Mina alikuwa nani? Husimuliwa kwamba alikuwa askari Mmisri katika jeshi la Kirumi, zama ambazo kukiri Ukristo kuliweza kumgharimu mtu kichwa chake. Yeye alikiri, tena hadharani, wakamuua. Mwaka unaotajwa ni 296. Wakristo wa Misri husema mwili wake ulirudishwa nyumbani juu ya mgongo wa ngamia, na yule ngamia alipofika mahali fulani jangwani akapiga magoti na kugoma. Wakaleta mwingine, naye akagoma. Basi wakamzika papo hapo. Kuamini au kutoamini ni juu yako, msikilizaji. Mimi najua tu kwamba ngamia akishaamua jambo lake hakuna mjadala. Husimuliwa pia kwamba baadaye mchungaji mmoja alimwona kondoo wake mgonjwa amepona kwa maji na udongo wa pale, na habari zikaenea.

Naam, zilienea kwelikweli. Kufikia karne ya 5 na ya 6, pale jangwani palikuwa na mji kamili: makanisa, jengo la kubatizia, mabafu, nyumba za kulala wageni, karakana, na mashinikizo ya kukamulia zabibu. Watu walikuja kutoka nchi za mbali kutafuta uponyaji. Na hakuna aliyependa kurudi kwao mikono mitupu. Mafundi wa mji ule wakatengeneza vichupa vya udongo wa kuchoma, vidogo, vya kuenea kiganjani, vyenye sura ya Mina amesimama mikono juu na ngamia wawili wamepiga magoti, mmoja huku na mmoja huku. Hujaji alijaza humo maji ya pale, au mafuta kidogo kutoka kwenye taa ya mtakatifu, akafunga safari. Vichupa hivyo vimefukuliwa sehemu nyingi za Ulaya, hata Uingereza, na kwa upande wa kusini hadi Sudan. Leo ukienda British Museum mjini London au Louvre mjini Paris utavikuta vimepangwa kwenye kabati za vioo. Hebu fikiri: nchi kavu namna ile, na biashara yake kubwa ni maji, tena ya kupimwa kwa kiganja!

Vita vya karne ya 7 viliukata mji ule njia zake. Mahujaji wakapungua, mchanga ukafunika, hadi mwaka 1905 Mjerumani mmoja, Carl Maria Kaufmann, alipoanza kuchimba.

Mimi nilikwenda na dereva wa teksi kutoka Iskandaria, kijana mcheshi. Tulizungumza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga na Kiarabu changu cha madrasa. Nilitegemea jangwa. Badala yake, dirishani nikaona kijani: michungwa, mboga, mifereji ya maji imenyooka kama rula. Nikamwambia, "Jangwa liko wapi?" Akacheka. "Ustadhi, jangwa tumelilima." Akanieleza kwamba mjomba wake alikuwa miongoni mwa vijana wasomi waliopewa mashamba na serikali huko jangwani, feddan tano, ambazo ni kama ekari tano na ushei. Hakuwa na kazi, akapata shamba, kwa shamba hilo akaoa na kusomesha.

Sasa hapo ndipo mkasa ulipo. Abu Mena iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979, sawia na piramidi zenyewe. Kisha ukaja mpango mkubwa wa kilimo, kwa fedha za Benki ya Dunia, na maji yakaletwa kwa wingi. Maji yakimwagwa shambani hayapotei. Mengine huzama, na yakizama mengi, kina cha maji ya chini ya ardhi hupanda juu. Udongo wa Abu Mena ni mfinyanzi. Ukikauka ni mgumu kama jiwe, ukilowa ni uji. Na wazee wa zamani walikuwa wamechimba visima vya kuhifadhia maji kila pembe ya mji. Visima vile vikaanza kubomoka, na majengo yaliyo juu yake yakafuata. Mashimo yakafunguka. Ilibidi wakuu wajaze mchanga misingi ya majengo yaliyo hatarini zaidi, kikiwemo chumba cha chini chenye kaburi la Mina, na kuzuia watu wasiingie. Mwaka 2001 Abu Mena ikatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Nimesoma watu wakiwalaumu wakulima. Mimi siwezi. Mkulima alipewa ardhi na maji, akaambiwa alime, akalima. Wa kuulizwa ni waliochora mifereji ya kuingiza maji bila kujali vya kutosha yatatokea wapi. Mtu akijenga nyumba mjini akasahau mtaro, hatumlaumu mpangaji aliyefungua bomba.

Dawa imekuja kuchelewa, lakini imekuja. Mnamo mwaka 2021 uliwekwa mfumo wa pampu za umeme wa jua za kunyonya maji, nayo yakashuka. Mwaka 2024 ukatengenezwa mpango wa hifadhi, wenyeji wakishirikishwa, na mwaka 2025 UNESCO ikaitoa Abu Mena katika orodha ya hatari. Miaka 24, wasikilizaji! Wengine wakaona mambo yamekwisha. Pampu lakini si ukuta. Ni mashine, hula vipuri na hutaka fundi. Na mashamba bado yanamwagiliwa.

Mwenyeji wetu pale alikuwa mtawa mzee kutoka monasteri mpya ya Mtakatifu Mina, iliyo jirani na magofu. Ilianzishwa mwaka 1959 na Papa Kyrillos wa 6, mkuu wa kanisa la Kikopti, naye amezikwa humo. Minara miwili ya kanisa lake unaiona kutoka mbali. Mahujaji wangali wanakuja, kwa mabasi sasa. Mtawa hakutuuliza sisi ni wa dini gani. Alituongoza kati ya misingi ya kuta na vipande vya nguzo hadi mahali lilipo kaburi. Dereva wangu, ambaye njia nzima alikuwa akipiga soga, alinyamaza. Kisha akamwuliza mzee yule kwa adabu: "Baba, sisi wa mashambani ndio tuliomzamisha?"

Mzee akamtazama. Akasema na monasteri nayo ina mashamba.

Tuliporudi, kijana akasimamisha gari kando ya barabara, penye mama aliyekuwa ameketi na vikapu vya machungwa. Akanunua kilo mbili, akakataa katakata nisilipe mimi. Sitawaficha, wasikilizaji: yalikuwa matamu. Nilikula matatu kabla hatujafika Iskandaria.