Mapafu Yanavyopasuka kwa Majeraha ya Kifua
Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Huenda mkastaajabu kwamba sisi, ambao kazi yetu ni vitabu vya fedha, tumesimama kunena habari za mapafu. Ni vitabu hivyo hivyo vilivyotusukuma. Katika ukurasa wa michango ya mazishi mna jina la kijana mmoja, mwana wa mwanachama mwenzetu. Alianguka na pikipiki jioni, usukani ukampiga kifuani. Hakutoka damu. Alitembea mpaka nyumbani, akanywa chai, akasema mbavu zamchoma. Sisi wenyewe tulikuwapo. Tulimkaza kitambaa kifuani, tukamlaza chali, tukaambiana kwamba kutakucha akiwa mzima. Kabla jogoo hajawika alikuwa amekwisha kufariki. Fedha za jeneza tulizichanga upesi. Fedha za gari usiku ule hakuna aliyezitaja.

Baada ya msiba huo tuliwauliza wajuzi wa tiba, nao wakatufahamisha haya tunayowaletea.

Pafu ni kitu laini, lenye vijumba vingi vya hewa. Limefunikwa kwa utando mwembamba, na ukuta wa kifua kwa ndani una utando kama huo. Kati ya hizo mbili mna majimaji kidogo tu. Kifua kikitanuka, pafu hufuata. Lakini pafu likipasuka, hewa huingia kati ya tando hizo, na pafu hunywea. Pengine ufa huwa kama mlango unaofunguka upande mmoja: hewa yapita, hairudi. Kila pumzi huongeza hewa iliyofungwa, hata moyo ukasukumwa kando na mishipa inayorudisha damu moyoni ikabanwa. Ndiyo sababu mtu aliyekunywa chai jioni aweza kufa kabla ya mapambazuko.

Je, pafu hupasuliwa na nini? Mwaka 1988 daktari R. B. Wagner wa Marekani na wenzake walizigawa njia hizo katika mafungu 4, wakitumia picha za kompyuta.

Kwanza, kifua hubanwa ghafula hewa ikiwa ndani. Mtu aonapo hatari huvuta pumzi na kuifunga kooni. Akipigwa wakati huo, pafu hupasuka kama mfuko wa karatasi uliojazwa hewa na kupigwa kofi. Mbavu za watoto na vijana hupindika, kwa hiyo pafu laweza kupasuka bila ubavu mmoja kuvunjika. Kutokuwapo kwa jeraha si dalili ya usalama.

Pili, sehemu ya chini ya pafu husukumwa na kusuguliwa juu ya uti wa mgongo, kama vile mtu akandamizwapo na udongo au gari.

Tatu, ubavu uliovunjika hulichoma pafu kwa ncha yake. Tunazo mbavu jozi 12, na hizo zilizo ngao yetu zaweza kugeuka mkuki.

Nne, pafu lililoshikamana na ukuta wa kifua kwa ugonjwa wa zamani, kama kifua kikuu, huchanika pale liliposhikamana, kifua kipigwapo.

Mbali na hayo yako majeraha ya visu, mapanga na mishale, ambayo kwetu hayahitaji maelezo.

Ndugu zetu, hatari hizi ziko mlangoni petu. Machimboni Tabaka, vijana wachimbao mawe ya sabuni hufanya kazi chini ya kuta za udongo, nazo mvua huzilegeza. Huko Nyamira, magari ya majani ya chai hupita njia za miteremko zenye utelezi. Wengine huanguka toka juu ya miparachichi na mikaratusi. Na kila njia panda, toka Keroka hadi Ogembo, pikipiki hubeba watu 3 au 4. Magari ya abiria yaliamriwa kuwa na mikanda tangu Februari 1, 2004. Mwenye pikipiki hana mkanda, na kifua chake ndicho kinachotangulia.

Basi yatupasa nini? Aliyepigwa kifuani akihema upesi, akichomwa kila avutapo pumzi, akikohoa damu, midomo ikibadilika rangi, au ngozi ya shingo ikivimba na kutoa mlio mdogo ibonyezwapo, apelekwe hospitali saa ile ile. Aketishwe jinsi apumuavyo vyema, ila tukihofia uti wa mgongo umeumia asisogezwe ovyo. Asikazwe kitambaa kifuani. Kisu kilichochoma kisichomolewe. Jeraha linalovuta hewa lisizibwe; liachwe wazi.

Mababu zetu walikuwa na omobari, mpasuaji aliyefungua fuvu la kichwa kilichovunjika, na sifa yake ilifika mbali. Wala tiba ya kifua si ya kuogofya. Wengi wa waliopasuka pafu hawahitaji upasuaji mkubwa: daktari hupitisha mpira kati ya mbavu, ncha yake ya pili ikazamishwa katika chupa yenye maji, hewa hutoka isirudi, na pafu hujiunga lenyewe. Dawa ya yule kijana ilikuwa mpira na chupa ya maji.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, twaomba mkutano huu ukubali mambo mawili: sehemu ya akiba itengwe kuwa fedha za gari la mgonjwa, zitolewe usiku au mchana bila kungoja kikao, na kila kijiji kimteue mtu mmoja wa kuzishika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumekwisha kujenga ukuta mmoja, nao uko kaburini kwa mwenzetu.