Terere na Damu ya Mama

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo tuzungumze kuhusu mmea ambao wengi wetu huung'oa na kuutupa wakati wa palizi. Mmea huo ni terere, ambayo wengine huiita mchicha.

Terere ni mmea wa jamii ya Amaranthus. Maua yake ni madogo sana, yamesongamana juu ya shina kama mkia, na baadaye hutoa mbegu ndogo zinazong'aa. Humea yenyewe mvua ikinyesha, kando ya zizi, kwenye samadi na katikati ya mahindi. Hupenda joto, ndiyo maana hustawi upesi kule Mbeere na Tharaka kuliko kule juu penye baridi ya Mlima Kenya.

Kwa nini ule terere? Majani yake yana madini ya chuma, foliki asidi na vitamini A na C. Mwili hutumia chuma kutengeneza damu. Mama mjamzito akiwa na upungufu wa damu, kutokwa na damu wakati wa kujifungua kunaweza kuhatarisha maisha yake, na mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo.

Lakini mama, sikiliza vizuri hapa. Terere haichukui nafasi ya tembe unazopewa kliniki. Chuma cha mboga huingia mwilini kidogo tu. Meza tembe yako ya chuma na foliki asidi kila siku mpaka ujifungue. Choo kuwa cheusi ni kawaida ukizimeza. Zikikusumbua tumbo, usiziache kimyakimya, mweleze muuguzi. Na ukiona viganja, midomo au ndani ya kope pamepauka, ukichoka upesi, moyo ukienda mbio au ukikosa pumzi, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda upimwe damu.

Sasa twende jikoni. Osha majani kabla ya kuyakata. Pika kwa maji kidogo, kwa dakika chache, na usimwage maji hayo. Usitie magadi, kwa sababu huharibu vitamini. Tia mafuta kidogo ili mwili upate vitamini A. Kula pamoja na nyanya, au baadaye chungwa, pera au embe, ili chuma kiingie vizuri. Chai nayo huzuia chuma, kwa hiyo ngoja saa moja au zaidi baada ya kula ndipo unywe.

Je, mtoto? Mpaka miezi 6, maziwa ya mama pekee yanatosha. Baada ya hapo, katakata majani laini, yapike, kisha yaponde pamoja na viazi, ndengu au mukimo. Endelea kumnyonyesha, na umpeleke kliniki apate matone ya vitamini A kila miezi 6 hadi afikishe miaka 5.

Jihadhari na mahali unapochuma. Usichume terere iliyomea chini ya kahawa, nyanya, miraa au muguka uliopigwa dawa ya wadudu. Kuosha hakuondoi dawa yote. Usichume pia kando ya mitaro ya majitaka.

Njia salama ni kupanda yako mwenyewe. Lainisha udongo, changanya na samadi iliyooza. Mbegu ni ndogo, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu, uzimwage kwenye mistari yenye nafasi ya futi moja, na uzifunike kwa udongo kidogo sana. Mwagilia kila siku mpaka ziote. Baada ya wiki 3 au 4 unaanza kuchuma. Kata ncha, nayo itachipua tena. Acha miti miwili au mitatu itoe maua ili upate mbegu za msimu ujao. Asiye na shamba anaweza kupanda kwenye gunia mlangoni.

Kumbuka mambo matatu: tembe kila siku, terere kutoka mahali safi, na chai baadaye.

Mwambie na jirani yako.